Nabalayo Awapangia Wakwe Meza

Kwa miaka mitatu Nabalayo alifagia chumba cha kompyuta cha Tejal, ghorofani mjini Nakuru, mpaka vumbi likamjua kwa jina. Likimsikia kwenye ngazi, linahama lenyewe kwenda duka la jirani. Akimaliza kufagia hatoki. Anabaki nyuma ya darasa akisikiliza. Siku moja mwezi wa saba, mwaka wa 2007, alimwambia Tejal, mwenye darasa, kwamba na yeye anataka kiti.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita. Hayo mengine nimeyaokota hapa chini nikifagia."

Tejal alicheka, lakini hakuwa mtu wa kumpa mtu kitu kwa huruma. "Sikiza. Niletee shida yako mwenyewe, shida ambayo imeshinda kalamu. Ukiitatua na hii mashine, utaingia darasa langu. Ukishindwa, tusiongee tena hayo maneno."

Shida haikuwa mbali. Shantel, binti wa wifi yake Zeddy, alikuwa anaolewa mwezi wa nane: wageni tisini na wanne, meza kumi na mbili za watu wanane wanane. Kupanga nani akae wapi kuliachiwa Nabalayo, na ukoo ule ulikuwa na ugomvi mwingi kuliko mbwa wa sokoni. Harusi iliyopita, mzee Makhanu aliketishwa karibu na jamaa aliyewahi kumnyima fahali. Makhanu alifoka hadi sufuria zikajifunika zenyewe, na ng'ombe wa Njoro wakakataa kukamuliwa siku mbili.

Kila saa ya chakula cha mchana Tejal alimfundisha maneno ya mashine, na hayakufika hata kumi na tano. Kama ni hivi, fanya vile. Rudia mpaka waishe.

"Ina nguvu lakini haijui kitu," Tejal alimwambia. "Usichoiambia, kwake hakiko."

Mara ya kwanza mashine iliwapanga wageni wote tisini na wanne meza ya kwanza.

"Watakaliana mapajani?" Tejal akauliza.

"Sikuiambia meza hujaa."

Akaiambia. Kisha akaiambia nani hasemi na nani, jozi thelathini na moja, na wasiwekwe pamoja. Jumatano kabla ya harusi karatasi ilitoka safi, na Nabalayo akaipeleka kwa Zeddy akitembea katikati ya barabara kama gavana wa enzi za mkoloni.

Zeddy alisoma, akaishusha karatasi. "Wifi, nimekukosea wapi?"

"Kuna nini?"

"Meza ya nne. Mimi na Masinde, magoti kwa magoti."

Masinde alikuwa amemwoa binti mkubwa wa Zeddy. Na kwao Wabukusu, mume wa binti na mama mkwe hawapeani mkono wala hawali wakionana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi.

"Masinde atakufa na njaa na mimi nitakufa na aibu," Zeddy akasema. "Mtatuzika siku moja, na hata huko chini tutapeana mgongo."

Nabalayo alicheka akashika ukuta, halafu kicheko kikamkauka. Ugomvi wote aliuandika, hata wa kuku. Hili hakuliandika, kwa sababu nani huliandika? Mtoto wa kwao hulijua kabla ya kuota meno.

"Si umhamishe tu na kalamu? Mwalimu wako atajulia wapi?" Zeddy akauliza.

Nabalayo aliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Lakini alipoangalia tena, meza ya saba ilikuwa na mkwe mwingine na mama mkwe wake, na ya tisa pia. Akimtoa mmoja kwa kalamu, anamtupa kwa adui yake. Ni kalamu hiyohiyo iliyoshindwa tangu mwanzo.

Kesho yake alimweleza Tejal ukweli wote.

"Kwa hivyo imeshindwa?"

"Haijashindwa. Ni mimi nimeinyima habari."

Aliandika kando ya kila jina ni mkwe wa nani, akaongeza agizo: hao wasikae meza moja. Mashine ilifikiri, kisha ikasema Masinde hana kiti. Ilikuwa imepanga wote ikamwacha yeye mwisho, na nafasi zilizobaki zilikuwa kwenye meza ya mama mkwe wake.

Tejal alikunja mikono.

Nabalayo aliiangalia mashine kama mtoto aliyekosa adabu. "Sisi nyumbani hatuanzi na mgeni rahisi," akasema polepole. "Yule wa taabu ndiye tunamkalisha kwanza. Hawa wengine watajipanga wakimzunguka."

Akaagiza kila mtu ahesabiwe makatazo yake, na mwenye mengi atangulie. Makhanu akawa wa kwanza, Masinde wa tatu. Karatasi ikatoka, na wote wakapata viti.

Tejal aliisoma mara mbili, maana hilo la kutanguliza wa taabu yeye hakuwa amemfundisha. "Sasa niongeze mimi na mama yangu," akasema. "Hatuli nyama, na mama hapendi hata kuona ikitafunwa."

Nabalayo akawaandika, akaongeza agizo moja. Mashine iliwaweka mbali kabisa na Makhanu, ambaye hula mbuzi pamoja na kamba yake, ikawakalisha na nyanya wanne ambao nyama waliiaga pamoja na meno.

"Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa nane," Tejal akasema. "Usichelewe."

Jumamosi watu walikula wakashiba, na Masinde aliongeza sahani mara tatu.

Jumanne Nabalayo aliingia na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Vijana wa darasa jipya walimwona vile alivyovaa, wakasimama wote: "Habari ya mchana, mwalimu."

"Mzuri," akajibu, akawaacha wasimame kidogo. Kisha akapita katikati yao, akachagua kiti cha mbele na kuketi.