Vidonge Madhabahuni

Kaka yangu, mchimba dhahabu, alipougua kifua kikuu, mhubiri mmoja hapa Kalangalala alimwamuru aweke vidonge vyake madhabahuni kuthibitisha imani. Akaviweka. Mhubiri mwenyewe alivaa miwani. Nadhani macho yake hayakuwa na imani ya kutosha. Baada ya wiki chache kaka alianza kukohoa damu. Muuguzi wa zahanati, mama Mkatoliki, alikuja nyumbani na vidonge vingine, akaketi kitandani kwake.

“Pole, baba. Nasikia dawa umempelekea Mungu?”

“Nilimwonyesha imani, mama.”

“Yeye haumwi kifua. Tusali, halafu umeze hivi.”

Walisali kwa ufupi. Kaka akameza, kisha kwa mara ya kwanza tangu augue akauliza atarudi lini kazini.