Mume wangu anatafuta ufunguo wa gari letu la kulala, na nimeuficha mimi

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu anajulikana sana hapa Masasi na watoto wetu wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, fundi cherehani. Mume wangu, tumwite Baba Zuhura, amenizidi miaka minane. Alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu. Watu walidhani ataongeza mikorosho kama wenzake, yeye akanunua Hiace iliyochoka. Fundi akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na tenki dogo la maji. Mapazia nilishona mimi. Majirani wakatucheka: "Mna nyumba nzuri, mnaenda kulala kwenye gari?" Akawajibu kwamba maisha yake yote amepita sehemu bila kushuka, sasa anataka kushuka.

Ndugu zangu, sijawahi kustarehe vile. Huku kwetu hakuna kambi za watalii, kwa hiyo mahali pa kulala tulijichagulia wenyewe. Baba Zuhura ana masharti yake: pawe tambarare, pawe na kivuli, choo kisiwe mbali, na mwenyekiti wa kijiji ajue tupo. Lukuledi tuliruhusiwa kuegesha karibu na misheni, tukakaa tunakula muhogo wa kuchemsha na kupiga stori kama wachumba. Ila tulipopapenda zaidi ni Newala, kule ukingoni ambako unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako mpaka Msumbiji.

Safari yetu ya mwisho tulikuwa tunaelekea huko. Tukasimama Kitangari nichote maji, kwa sababu huko juu maji ni shida. Nikiwa kwenye foleni ya bomba na dumu langu, nikasikia gari letu linawashwa. Nikajua anasogeza kivulini. Likaingia barabarani, likaondoka. Mama mmoja akaniuliza, "Si gari lenu lile?" Nikamwambia anarudi. Nilisubiri mpaka aibu ikageuka hofu. Simu yake ikawa inaita tu, hapokei. Nikachukua bodaboda, njia nzima naangalia mitaroni.

Nilimkuta pale pale ukingoni. Gari kaliegesha vizuri, mkeka katandika, chai iko jikoni. Aliponiona akasimama kwa heshima, akasema, "Karibu mama. Subiri kidogo, mke wangu ameenda kuchota maji, anarudi sasa hivi."

Nikasema, "Baba Zuhura, ni mimi."

Alinitazama sana. Halafu uso wake ukabadilika, akakaa chini taratibu. "Nimekuacha wapi?"

Kesho yake ilibidi turudi na mimi sijui kuendesha. Katikati ya mteremko, lori la korosho linapanda mbele yetu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi tunapanda au tunashuka?" Nikamwambia, "Tunashuka mume wangu, tia gia ndogo." Kuanzia hapo sikunyamaza, kila kona nikawa namtajia kabla hatujaifikia. Hivyo hivyo mpaka tukafika nyumbani.

Akanibembeleza nisiwaambie watoto. "Zuhura akisikia atanichukua Mtwara, anikalishe kwenye kochi kama mzigo. Ule ulikuwa uchovu." Akaniapisha, nikaapa. Nikamwambia huo si uchovu, ni ugonjwa, twende hospitali; akakataa katakata.

Sasa Zuhura akapiga simu kwamba mabinti zake wanafunga shule, na babu aliwaahidi kuwapeleka kupiga kambi Chilangala, shambani kwa mdogo wake. Kumbe walishaongea wao wenyewe. Nikamkuta yuko uani analiosha gari, anaimba. Niliwaza ule mteremko, na watoto wamekaa nyuma. Alipoingia kuoga nikachukua ufunguo, nikauzika ndani ya kiroba cha vipande vya vitambaa.

Nilifikiri atautafuta, atachoka, safari itakufa. Amegeuza godoro, amekung'uta kila suruali. "Mama Zuhura, hujauona?" Nikasema sijauona. Nikamshauri aende kwa fundi wa funguo, nikijua namwigizia, akasema, "Na huo nitaupoteza." Kisha akakaa kizingitini, akasema, "Ulikuwa unasema kweli. Kuna mahali nimeuweka na sikumbuki. Nipeleke hospitali." Akalia. Mama yake tulimzika bila yeye kutoa chozi.

Tumepangiwa Jumatatu. Lakini tangu siku ile mume wangu si yule. Gesi hawashi, anaogopa ataisahau. Ananiuliza kama ameshaswali, kama ameshakula. Anatembea nyumbani kwake kama mgeni. Ugonjwa anao, sikatai, niliuona Kitangari. Ila huu woga wa sasa nimempa mimi, na kila nikikaa kwenye cherehani kile kiroba kiko miguuni pangu. Jana Zuhura kaniuliza, "Mama, mbona sauti ya baba imekuwa ndogo hivyo?" Nikamwambia ana mafua. Wajukuu wanafika Jumamosi.

Nikimwambia ukweli namjua, atasema yuko mzima na mimi ndiye mwongo, hospitali haendi, atawapakia wale watoto na kuondoka. Nikinyamaza, ananyauka mbele ya macho yangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Hivi ninavyoandika yuko uani, amelala chini ya gari, anapapasa mchangani.

Mliowahi kuuguza mtu wa namna hii, naombeni mnisaidie mawazo, na msinitukane, moyo wangu umeshanitukana vya kutosha. Nimpe ufunguo wake leo, au nimwache aendelee kuutafuta mpaka Jumatatu?