Mwongeli na Riwaya ya Kimeu

Mwongeli hana simile na kazi mbovu. Kila Jumapili baada ya kanisa huturushia sauti kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hapa Kitengela, na hukumu yake ni moja kati ya tatu: nunua, azima, au acha. Iwe filamu ya mapenzi, ya vita au ya mashetani, iwe riwaya ya upelelezi, haangalii sura ya mtu. Filamu moja aliitupa kwa sababu polisi alitoka Nairobi saa kumi na moja jioni, barabara imejaa magari, akafika Kitengela kabla mwizi hajamaliza soda. Nyingine ilikuwa na ng'ombe wanono katikati ya kiangazi, na Saruni, mwenzetu kikundini anayefuga kule Isinya, alicheka mpaka akakohoa. Tulimwamini Mwongeli. Anauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, nami humpitia pale, kwa hivyo najua kwamba kitabu hukisoma hadi mwisho hata kikimkera.

Kisha Kimeu, kijana wa kanisani kwetu, akatoa riwaya yake ya kwanza. Ni habari za mama kibarua katika mashamba ya nyanya huko Loitokitok. Msimamizi amemwambia asipofika atafukuzwa, basi anamwacha mtoto mgonjwa nyumbani, na anaporudi jioni anamkuta amekufa.

Mwongeli aliimaliza, akaniita dukani.

"Wanjira, hii ni bora kuliko zote nimesoma," akasema, macho mekundu. "Na siwezi kuambia watu wainunue. Huyu ni mamangu."

Shangazi yake aliwahi kumnong'oneza kwamba alitanguliwa na kaka aliyekufa hivyo hivyo, na akamkanya asimtaje kamwe. Katika ukoo wao mtoto aliyezikwa hatajwi mbele ya mama yake. Mwongeli akakua ameuma ulimi. Sasa aliamini shangazi amepayuka kwa Kimeu, na aliona jinsi watu watakavyogeuza shingo kanisani mama yake akipita.

Nilimshauri anyamaze tu. Hakunisikia. Jumapili sauti ikaja: "Kitabu cha Kimeu, acha. Hakina ukweli. Hakuna mama anaweza kuacha mtoto mgonjwa aende kuchuma nyanya."

Nilikasirika sana. Kimeu alijiondoa kwenye kikundi, na wengine wakaandika asante, wameponea kupoteza pesa. Mwongeli alikuwa na hakika mambo yameisha, kwa kuwa mama yake, ambaye sote humwita Mama Nzisa kwa jina lake mwenyewe, hajui kusoma wala hayumo kikundini. Hakujua kwamba Phylis, jirani ya mama, humsikilizisha sauti hizo kila wiki. Mama mwenyewe ndiye huziomba, maana anajivunia bintiye.

Jioni hiyo nilikuwa kwa Mwongeli, bado tunagombana, Mama Nzisa alipobisha hodi. Aliketi bila kutoa leso mabegani. Chai alikataa.

"Mwongeli, hiyo kitabu ya Kimeu. Ni mbaya kweli?"

Mwongeli akanitazama, akainamisha macho. "Ni mbaya, Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni uongo tu."

Mama Nzisa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kosa.

"Basi ni mimi sikujua kumwambia vizuri."

Mwongeli akainua uso. "Ni wewe ulimwambia?"

"Alikuja kuniuliza mambo ya hizo mashamba. Tukaongea, akauliza niko na watoto wangapi. Sijui ni nini iliniingia, nikasema wawili. Akauliza huyo mwingine anaitwa nani." Alijifuta uso kwa pindo la leso. "Tangu tumzike, hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nikamwambia anaitwa Musila. Nikamwambia yote. Nikasema hata Mwongeli atasoma, atajua, juu mimi nimeshindwa kumwambia."

Mwongeli alishuka kutoka kitini akapiga magoti, akitaka kumshika mikono. "Mwaitu, nilikuwa nakukinga. Nilikuwa nakukinga watu wasikuseme."

"Najua," mama akasema. Akaitoa mikono yake taratibu, akainuka, akanigeukia mimi. "Wanjira, nisindikize nyumbani. Nimechoka."

Nikamsindikiza. Mwongeli alibaki pale sakafuni, na mama hakugeuka nyuma.