Gurudumu la Buluu

Jana fundi alikuwa akipaka geti letu rangi, na ile harufu ikanirudisha kwenye lori kuukuu la baba, lililosomba magunia ya dagaa kutoka Kibirizi.

Siku moja gurudumu moja la mbele lilikuwa limefunguliwa kuzibwa pancha. Baba alipoingia ndani kula, nikachukua rangi ya buluu iliyobaki baada ya mjomba kupaka boti yake, nikaipaka rimu yote, nene, mpaka kwenye matundu ya nati. Aliporudi aliitazama, akacheka, akalifunga hivyo hivyo, rangi ikiwa bado inanata.

Kesho yake tulikuwa tunapandisha mlima na mzigo, mama akiwa katikati yetu, usukani ukaanza kumtetemesha baba mikono. Akasimamisha lori, akashuka na jeki na spana, nami nikamfuata. Nati alizokuwa amezikaza kwa uzito wake wote sasa zilizunguka kwa vidole. Alipolivua gurudumu, nikaiona rangi yangu imesagika chini ya nati na kuziachia nafasi ya kucheza.

"Kuna nini tena?" mama akauliza kutoka juu.

Baba alikuwa amechuchumaa anaikwangua rangi kwa kisu, kwenye matundu tu, kwingine kote akiiacha.

"Nati zimechoka," akajibu, huku akiyafukia maganda ya buluu kwa kandambili yake.

Lori lile alilipaka rangi upya mara mbili kabla hajaliuza. Gurudumu lile hakuligusa.