Kuku wa Kumuaga Mwalimu Tausi

Enzi zetu pale Goweko, ukimwona mtoto anakimbia alfajiri, ujue ama anafukuzwa na nyuki, ama anawahi kipindi cha Mwalimu Tausi. Wanangu leo nawaamsha kwa kuwanyunyizia maji, na bado wananiuliza kama si Jumamosi.

Mwalimu Tausi alikuwa binti wa Mtendeni, Tabora mjini, na alitufundisha hesabu. Robo na nusu tulizijua kwa boga la kuchemsha: ukigawa vibaya, kipande kikubwa anakula mwenzako. Usipoelewa hakukuita mbumbumbu. Alisema, "Hapo nimeeleza vibaya mimi. Tuanze upya." Nilipomsimulia baba kwamba mwalimu amekiri kosa, nusura anichape kwa uongo.

Tatizo lilikuwa makazi. Kijiji kilimpa chumba ubavuni mwa ghala la tumbaku. Alikuja darasani macho mekundu, akaanza, "Robo jumlisha... apchaa!" Nasi kwa pamoja: "Afya, mwalimu!" Kila mkutano aliomba nyumba, na kila mkutano mwenyekiti wa kijiji alijibu, "Baada ya mavuno." Mavuno yakaja, ikajengwa ofisi ya mwenyekiti.

Mwishowe shule moja ya kulipia huko mjini ikamwita, na nyumba juu. Siku ya safari tulifurika stesheni na kuku, asali, michembe ya viazi vitamu, hata beberu mmoja mkorofi. Mama yangu alimshika mkono huku analia.

"Mwalimu, sisi tunakupenda! Mbona hukutuambia kama una shida?"

Mwalimu Tausi, kuku wawili kwapani, akamjibu taratibu, "Mama, nimesema kila mkutano. Hawa kuku ningewafuga uani kwangu, kama ningekuwa na ua."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kila mtu akatazama reli.

Kwa aibu, nyumba ikajengwa kiangazi kile kile. Ipo mpaka leo, ya matofali ya kuchoma, na sasa ina umeme wa jua. Wanangu hesabu wanaiuliza simu, inawajibu kabla hawajamaliza kupiga miayo. Sisi tulikuwa na mwalimu, tukakosa nyumba ya kumweka.

Aliyeingia kwanza humo alikuwa mwalimu mwingine, bwana wa viboko, hesabu zenyewe zikimpiga chenga. Alikaa raha mustarehe mpaka akastaafu. Hakuna shule iliyowahi kuja kumwita.