Picha za Bunduki Mbili

Mumbua alidhani faksi imekosea njia. Mwaka huo wa 1999 alikuwa Guangzhou, China, kununua vitambaa vya mapazia, na faksi zote zilizomjia kutoka Emali zilikuwa za duka: rangi gani imeisha, nani ameagiza nini. Hii ilikuwa na picha mbili za bunduki, moja juu ya nyingine, na chini yake maneno machache ya mumewe: "Mama Mutiso, chagua moja."

Aliyeitoa kwenye mashine alikuwa Hafidh, Mzanzibari aliyewasafirishia mizigo wafanyabiashara wa pande zetu, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya mgahawa wa Waislamu, barabara ya Huanshi Zhonglu. Aliitupia jicho, akailaza kifudifudi mezani kama mtu aliyeona picha ya aibu.

"Dada Mumbua, nini tena hii? Mie napeleka mapazia na viatu. Nchi hii bunduki hata kuitaja haitajwi."

"Hata mimi sielewi, ndugu yangu. Ni mume wangu."

"Anataka umnunulie huku?"

"Sijui."

Na kweli hakujua. Cyrus, mumewe, alikuwa askari wa wanyamapori Tsavo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa akibeba bunduki kabla hawajajuana. Ukimwuliza habari za silaha angezungumza mpaka chai ipoe, na wala hakuwahi kuomba ushauri wa mtu. Sasa anamwuliza yeye, ambaye hata manati hajawahi kuvuta!

Alinunua kadi ya simu akapiga Emali. Cyrus alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa amekaa juu ya simu.

"Umeziona?"

"Nimeziona. Za nini?"

"Zote ni shotigani za pampu, unavuta na kusukuma ndipo risasi iingie. Ziko kwa muuzaji wa silaha, Nairobi. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara wezi walimvamia juzi, wakamfunga kamba. Sasa sikiliza. Remington ni ya chuma kitupu, nzito, na kitufe chake cha usalama kiko nyuma ya triga. Mossberg ni nyepesi, na kitufe kiko juu, unakisukuma kwa kidole gumba. Mkono wako utaweza ipi?"

"Mkono wangu? Mkono wangu unaingiaje hapo, Baba Mutiso?"

Kadi ikaisha.

Siku iliyofuata alikwenda soko la Kangle kuchagua vitambaa, huku ile faksi ameikunja ndani ya mkoba. Alikuwa na mama mmoja Mchina aliyezoeana naye, ambaye alimwita laoban tu, yaani bosi, na yule mama naye akamwita laoban vilevile. Mumbua alipofungua mkoba kutoa kipande cha sampuli, karatasi ikaanguka na kufunguka sakafuni.

"Meiyou! Meiyou!" mama akapiga kelele, hakuna, hakuna, akipunga mikono yote miwili. Alifikiri anaulizwa bei.

"Hapana, laoban, si ya kununua." Mumbua alijieleza kwa Kiingereza, kwa Kichina cha sokoni, mwishowe kwa vidole. Alijionyesha mwenyewe, akaonyesha picha, akainua mabega. Yule mama hakuelewa kitu, lakini mumewe aliyekuwa akikata vitambaa nyuma ya duka alielewa jambo lake mwenyewe. Alikuja akicheka, akachomoa bomba la boksi katikati ya jora lililoisha, akaligandamiza begani. Akatoa sauti ya nguruwe mwitu, akasema "pa!", akajirusha nyuma kidogo. Huenda zamani alikuwa akiwinda huko milimani kwao.

Kisha akampa Mumbua lile bomba. Akamshika kiwiko na kukishusha, akampigapiga bega kumwonyesha mahali pa kitako cha bunduki. Mumbua akanyoosha mkono wa kushoto mbele, akavuta na kusukuma pampu isiyokuwapo. Mwanamume akasukuma bomba kwa ghafla likampiga begani. Hapo akachukua jora zima la kitambaa kizito, akamwekea mikononi, akalisukuma kwa nguvu zilezile. Safari hii hakikutikisika kitu.

Mumbua alitoka Kangle akiwa na vitambaa vyake na mawazo yamechanganyika zaidi. Kumbe nyepesi ndiyo inayopiga mtu teke! Lakini hilo alipaswa kulijua la nini, wakati mbebaji ni Cyrus?

"Labda anakupima," Hafidh alimwambia alipopitia ofisini. "Wanaume wengine hivyo. Anataka kuona kama unajali."

"Cyrus hana michezo hiyo."

"Basi mpigie umwambie yoyote. Ataridhika."

Ushauri huo ulimfaa. Alipiga simu alasiri, ambayo Emali ilikuwa asubuhi.

"Chukua ile ya chuma," alisema kwa furaha ya mtu anayetua mzigo. "Wewe ulizoea vitu vizito. Utaibeba vizuri."

 

"Sitaibeba mimi," Cyrus akasema.

"Atabeba nani?"

"Wewe."

"Mimi? Baba Mutiso, umelewa?"

"Sijalewa. Mkono wangu wa kulia haunyanyuki. Juma lilelile ulipoondoka, niliamka mkono umekufa ganzi. Daktari anasema ni kiharusi kidogo. Kikombe chenyewe kinanishinda, sembuse kuvuta pampu."

Mumbua alitaka kulia, akataka kumgombeza, akajikuta anauliza, "Sasa kaptula unafungaje?"

"Mutiso ananifunga."

Alikata tikiti ya kurudi mapema na kumwachia Hafidh mzigo aupakie. Nairobi walikwenda pamoja kwa muuzaji wa silaha. Cyrus alisimama kando, mkono wa kulia ameuingiza kwenye koti kuuficha, akimtazama mkewe akiinua moja, akiirudisha, akiinua nyingine. Nyepesi ilimpendeza kwa kile kitufe cha juu, gumba lilikifikia bila kutafuta. Nzito ilitulia begani kama mtoto aliyelala. Alizirudia mara nyingi mpaka muuzaji akaagiza chai.

"Hii," alisema mwishowe, akaishika ile ya chuma. Kisha akageuka. "Au unaonaje?"

"Usiniulize mimi," Cyrus akajibu, lakini macho yake yalicheka.

Muuzaji aliiweka kando mpaka kibali kitoke. Katika ofisi ya leseni afisa alimtazama mama yule wa mapazia, akamtazama mwanamume aliyekaa nyuma yake, naye akachanganyikiwa.

"Kwa nini unataka silaha, mama?"

Mumbua alifikiria wezi, akafikiria jirani aliyefungwa kamba. Yote yalikuwa kweli, na bado hayakuwa jibu.

"Mume wangu ameniomba," alisema.

Afisa aliinua kalamu, akidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akaandika.