Honi ya Pijo la Baba Mkwe

Wenzangu, mie nimewahi kumtia bibi harusi moshini mbele ya ukoo mzima, na huyo bibi harusi alikuwa shemeji yangu Rehema, mdogo wake mke wangu, na gari lilikuwa Pijo la baba mkwe, la zamani kuliko mie, ambalo mzee hulifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ile honi iligoma. Nikabadilisha fyuzi, nikabonyeza honi, fyuzi mpya nayo ikaungua palepale. Mwenye akili angejiuliza inaunguzwa na nini (na mie nilishajitangaza kwamba umeme wa magari naujua), ila msafara wa harusi bila honi si utakuwa msiba jamani, basi nikaizungushia fyuzi ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umeme upite tu hata fyuzi ikiwa imeungua, honi ikalia, mzee akatabasamu.

Tukatoka Temeke, matarumbeta mbele kwenye pikapu, mie nyuma yao napiga honi kwa fujo, tulipokaribia Buguruni honi ikakatika, injini ikazima, taa zote za dashibodi zikafa. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua.

"Shem, kuna nini?" Rehema akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Kaa tu, usichafue gauni, ni betri hiyo," nikasema, huku nazungusha ufunguo tena na tena, hadi moshi ukatoka chini ya usukani.

Nikaruka nje. Balaa ni kwamba wapiga tarumbeta walidhani tumesimama ili watu wacheze, wakashuka, mashangazi wakalizunguka gari kwa vigelegele, na milango ya nyuma ilikuwa imefungwa riboni za mapambo (nilizifunga mwenyewe, fundo la kweli kweli). Rehema anagonga kioo, wao wanampungia mikono. Kupenya mbele hawezi, gauni limejaa kiti kizima. Niliogopa jamani, navuta riboni haikatiki, namwona anakohoa ndani na mie hata kupiga kelele siwezi.

Baba mkwe akaja mbio kutoka gari la nyuma, kanzu kaikunja mkononi, akaikata riboni kwa meno, akamtoa binti yake, ndipo akafungua boneti na kung'oa waya wa betri. Moshi ulipotulia akachungulia kwenye fyuzi.

"Karatasi hii nani kaifunga?"

"Mie, baba."

"Ulitaka nini?"

"Honi ilie."

"Mwanangu alikuwa ndani," akasema polepole. Bora angenizaba kofi.

Rehema alifika kwa mumewe juu ya pikapu, katikati ya matarumbeta, gauni lina masizi. Mie nilibaki Buguruni nalinda gari, naona aibu hata kukaa ndani yake.

Siku hizi gari likizima ghafla, hata kama ni teksi nimepanda tu, nateremsha kila mtu kwanza, hitilafu ya umeme tutaitafuta baadaye. Wananicheka sana, na mie nawaambia wacheke wakiwa nje.